Tarehe ya Msabah bin Abrahman, Aliyevuka Sinia

Sogeeni, enyi mnaopita Sokomuhogo na vikapu mikononi! Wekeni chini vikapu, na mwenye kutafuna asite kutafuna, kwani habari hii ni ya kutafuna na ya kushindwa kutafuna. Mmekwisha kusikia za wafalme waliovuka mito kwa majeshi na farasi. Hao walivuka maji tu. Leo sikizeni habari ya mtu aliyevuka sinia, kutoka ukingo wake hadi ukingo wa pili, masafa ya shibiri mbili na nusu, peke yake, bila farasi, na mkononi hana silaha ila ini la kuku.

Katika mwaka wa elfu moja mia tisa na sabini na moja, zama za foleni, mchele ulipokuwa ukija kwa siku yake na kuondoka kwa saa yake, aliishi Unguja mjini, mtaa huu wa Sokomuhogo, fundi cherehani jina lake Msabah bin Abrahman bin Borafya, Mshona Kanzu za Maharusi, Mtunga Uzi bila Miwani, Mpanda Ngazi Asiyeshika Kamba, ambaye umri wake ulikuwa sitini na tisa kwa hesabu ya mkewe na sitini kamili kwa hesabu yake mwenyewe. Alikaa ghorofa ya pili na mkewe Bi Mwatima, Malkia wa Jiko, ambaye amri yake ilifika mpaka kizingiti cha chini. Na miezi hiyo alikuwapo pia binti yao wa pekee, Tabia, aliyerudi kutoka Pemba alikoolewa, ili mimba yake ya kwanza aizae kwao, mikononi mwa mama yake, kama ilivyo ada.

Na nyumba ile ilikuwa na sheria kongwe kuliko mlango wake: akichinjwa kuku, firigisi na ini ni vya baba. Mgeni, hata akija na kilemba cha namna gani, hupewa paja. Kwa miaka arubaini na mmoja Bi Mwatima aliviopoa chunguni kwa upawa na kuviweka juu ya wali upande wa mumewe, ini kulia, firigisi kushoto, na asile mtu mpaka vimeonekana vimekaa mahali pake.

Lakini tarehe ya kweli haifichi aibu ya shujaa wake. Kufikia mwaka ule jeshi la meno ya Msabah lilikuwa limekwisha kuvunjika. Walibaki askari wanne, wawili juu na wawili chini, na kwa bahati mbaya hawakuwa wakitazamana. Ini, kwa ulaini wake, alilimudu kwa ufizi, naye alilipenda kwa mapenzi asiyomwambia mtu. Firigisi ilikuwa ngome. Basi aliitia kinywani mbele ya watu wake, akaizungusha shavu hili na shavu lile, akatikisa kichwa kama mwenye kuzidiwa na utamu, kisha wakimpa kisogo akaitoa na kuitupa dirishani, penye paa la bati la jirani yao Bi Sichana, ambako paka wake mweupe alikuwa akingoja kwa adabu. Hivyo alipigana kwa miaka mitatu, na miaka yote mitatu alihisabu kuwa ameshinda.

Ikawa Jumanne moja Msabah akamsindikiza Tabia kliniki. Muuguzi Bi Bahiya, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akalivuta chini kope la jicho la Tabia, akatazama, akamchoma kidole, akatazama tena, na uso wake haukufurahi.

"Damu haikutoshi, mwanangu," akasema. "Una miezi saba. Nnataka ukija tena hapa iwe imepanda, sitaki uingie uzazini hivi. Vidonge hivi kila siku, usiruke. Na chakula: ini, hata likiwa la kuku, mchicha, dagaa, kunde, na ndimu ukamulie juu yake. Chai usinywe pamoja na chakula, ingoje."

Kisha akamgeukia Msabah. "Shikamoo, Mzee. Kila umri na chakula chake. Mtoto mchanga, ziwa la mama. Akianza kula, uji na vitu vya kupondwa. Anayeinukia, samaki na kunde ajenge mifupa. Mja mzito n'shasema. Na mtu mzima kama wewe, vitu laini, mboga ya majani, papai, chumvi kwa mbali. Wewe unakulaje?"

"Marahaba. Mimi?" akasema Msabah, akijinyoosha mpaka kofia ikagusa fremu ya mlango. "Mimi nnakula kama simba!"

Bi Bahiya akamtazama kinywa.

Waliporudi nyumbani, Tabia alipanda ngazi akiwa ameshika kwa mikono miwili kamba iliyoning'inia kando ya ngazi, akasimama mara mbili kuvuta pumzi. Msabah alikuwa nyuma yake, akiisikia pumzi ile ikienda mbio kwa vipandio vinane tu. Alimkumbuka dada yake Mize, aliyekwenda uzazini na uso uliopauka namna ile ile, asirudi. Yule Mpanda Ngazi Asiyeshika Kamba aliogopa, na siku ile aliishika kamba.

Ikafika Ijumaa. Jumatano ulikuwa umepatikana mchele, na asubuhi ya Ijumaa ile Msabah alikwenda soko la Darajani akarudi na jogoo mwekundu, mwenye makucha ya kutisha na maini, kwa sifa ya muuzaji, makubwa kuliko ya bata. Baada ya sala, mkeka ukatandikwa, sinia likatua, wali ukafuka moshi. Bi Mwatima akaketi mashariki, Tabia kaskazini, na Msabah upande wa kusini, penye dirisha. Mbele yake, ini kulia, firigisi kushoto. Huko nje, juu ya bati, ukasikika unyayo mwepesi wa mtu wa nne aliyejua siku za kuku.

Msabah akanawa, akakohoa kikohozi cha mahakama, akainua mkono.

"Enyi watu wa nyumba yangu!" akanena. "Firigisi hii ni haki yangu kwa ada na kwa umri. Haikuwahi kuonjwa na mwengine chini ya dari hii. Lakini nimeyasikia maneno ya Bi Bahiya, na moyo wa mzazi hauna mlango. Leo naitoa! Naitoa kwa hiari, bila kusukumwa, bila kulazimishwa. Tabia binti Msabah, pokea firigisi ya baba yako!"

Akaisukuma kwa kidole mpaka katikati ya sinia, akavuta pumzi ya ushindi, akaanza kulifukia ini taratibu kwa wali.

"Na ini?" akauliza Bi Mwatima.

"Ini," akasema Msabah, "litabaki kulinda mpaka."

"Baba Tabia, mwanao kanieleza neno kwa neno. Bi Bahiya alitaja ini. Firigisi hakuitaja." Bi Mwatima akaegemea nyuma, macho yakawa membamba. "Tena nambie, firigisi umeichoka lini? Mwezi uliopita ulikuwa unaitikisia kichwa. Chumvi imepungua? Au kuna jiko jengine huko linalokupikia, hili langu ushaliona la kubahatishia?"

"Laa, hasha!" akapiga ukelele Msabah, kwani majeshi yote angeweza kuyakabili ila shaka ya namna hiyo. "Jiko gani jengine! Wallahi sina..."

Hapo paka akalia dirishani, mlio mrefu wa mtu aliyecheleweshewa haki yake.

Watu wote watatu wakageuka.  Msabah akamtazama binti yake. Tabia alikuwa akingoja, mkono umekaa juu ya tumbo, na kucha zake zilikuwa hazina rangi.

"Siiwezi," akasema Msabah kwa sauti ndogo. "Meno sina. Mwaka wa tatu huu nnampa paka."



"Nnajua," akasema Bi Mwatima. "Ule ukuta wa dirisha wenye michirizi ya mchuzi, unadhani anaufuta nani? Nlikuwa nnangoja useme mwenyewe."

"Ukijua, mbona kila siku unaniwekea?"

"Nikuvunjie heshima mbele ya mwanao, mie?"

Enyi wasikilizaji, mkidhani vita vimekwisha, mmekosea. Ile ilikuwa ngome ambayo mwenyewe alikwisha kuikimbia miaka mitatu nyuma. Vita vilikuwa vya ini. Lilikuwa pale chini ya wali, ukingo mmoja umechungulia, limeiva kwa pilipili manga na ndimu, laini, la kwake. Furaha pekee ya kuku ambayo fizi zake zilikuwa bado zinaijua. Mate yakamjaa. Akalifukua. Hakuhutubia. Mkono wake, mkono uliotunga nyuzi elfu bila miwani, ukainuka, ukaliacha jimbo lake, ukavuka nchi ya wali ambayo adabu inamkataza mtu yeyote kuivuka, ukapita kando ya paja, ukadondosha tone moja la mchuzi katika mipaka ya Bi Mwatima, naye Malkia akalisamehe. Shibiri mbili na nusu. Ukatua kaskazini.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kula nikuone."

"Tugawane, Baba."

"Kula."

Tabia akala. Machozi yakamtoka, akasema ni pilipili. Bi Mwatima akachukua bakuli la mchicha wa nazi, uliopondwa mpaka umelainika, akauweka pale palipoachwa wazi na ini. Msabah, ambaye maisha yake yote aliuita mchicha chakula cha mbuzi, alitia tonge la kwanza kinywani kwa uso wa mtu anayekwenda kunyongwa. La pili alilitia kwa uso wa kawaida. Baada ya la tano akauliza kama upo mwengine jikoni.

Kliniki iliyofuata damu ilikuwa imepanda. Bi Bahiya aliuliza wamefanya nini, na Tabia akataja vidonge, mchicha, dagaa, kunde na ndimu.

"Na ini," akasema Msabah. "Ini langu."

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, akaitwa Mize. Alipofika umri wa kuanza kula, Bi Mwatima alikuwa akiponda boga bakuli moja kwa watu wawili, babu na mjukuu, wenye meno sita kwa jumla. Paka wa Bi Sichana alikonda kidogo, kisha akahamia mtaa wa Mkunazini.

Na siku moja, Pandu, mumewe Tabia, alipokuja kutoka Pemba kumchukua mkewe na mwanawe, akachinjwa kuku mwengine. Pandu, mgeni, akapewa paja. Bi Mwatima akaopoa ini, akaliweka upande wa Tabia anyonyeshaye, na Msabah akajitia kuangalia dirishani, ambapo sasa hapakuwa na kitu. Tabia akalikata ini vipande viwili. Akanyoosha mkono, akavuka nchi ya wali, shibiri zile zile mbili na nusu, akaweka kipande kimoja mbele ya baba yake.

Basi andikeni, enyi waandishi, na wino usikauke: wa kwanza kuvuka sinia la Sokomuhogo alikuwa Msabah bin Abrahman, na wa pili ni binti yake. Msabah alikila kipande kile polepole, kwa ufizi, hakuhutubia.