Posa ya Zeina na Kunguru wa Paani

Ijumaa, 4 Oktoba

Habari njema imekuja kabla ya chai. Binti yangu Zeina anaposwa! Kijana anaitwa Muaz, mfamasia, mtu wa Kigamboni. Zeina kamchagua mwenyewe. Wawili waliotangulia aliwakataa, mmoja kwa sababu alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kusimulia. Jumapili ya wiki ijayo wazee wanane watavuka kwa kivuko cha Magogoni kuja kuposa. Anayewaongoza ni Mzee Basil, ami yake Muaz, ambaye nasikia hajatabasamu tangu astaafu bandarini.

Sebule yetu haitawatosha. Mke wangu Nawal kaamua watakaa juu ya paa, kwenye mikeka na mito, maana huko upepo unafika. Kasoro ni kunguru. Wamejenga kiota kwenye vyuma vya tangi la maji, na wanajiona ndio wenye nyumba. Juzi wamedondosha utumbo wa kuku kwenye shuka jeupe. Jana wameondoka na sabuni. Nawal kasema kunguru akichafua biriani mbele ya wakwe, yeye anahamia kwa dada yake Tanga, na mimi nibaki niolewe na kunguru. Nimemwambia aniachie mimi.

Nimelimaliza leo leo. Nilikuwa nimeshavaa kanzu na kofia kwa ajili ya sala ya Ijumaa, nikapanda hivyo hivyo. Kiota sikukivunja. Ndani mna makinda, na mimi si katili. Nimekihamisha tu, nikakiweka ndani ya dishi la jirani yangu Kasmir. Huyu ni Mchagga, mtaani tunamwita Mangi, anauza vitasa na makufuli kwa jumla, na paa tunagawana nusu kwa nusu. Tangu nimfahamu hajawahi kupata tatizo. Sasa analo.

Kunguru wamepiga kelele sana. Nimekwenda msikitini na moyo mweupe.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepanda kupima mahali pa mikeka. Sikumaliza hata kuukunjua utepe. Wamenishukia wawili kutoka nyuma, kofia ikaruka, kichwa kikadonolewa. Nimerudi chini kwa makalio, ngazi zote.

Kidogo nikamsikia Kasmir anapanda, na singlendi yake na ndoo, kumwagilia mchicha anaoupanda kwenye matairi. Nikasubiri mayowe. Kimya. Nimechungulia: kunguru mmoja kasimama ukingo wa ndoo anakunywa maji, Kasmir anamwambia taratibu, zamu yako bado.

Jioni kaja kugonga mlango. Nikajiandaa kukana. Kumbe kaja kunipa pole ya kichwa. Akasema televisheni yake inaonyesha chenga tupu, amepanda akakuta kiota ndani ya dishi, sijui upepo gani umekileta. Mke wake Euphrasia kasema watoto wa mtu hawafukuzwi, kwa hiyo wataishi bila televisheni mpaka makinda yaruke. Nikasema upepo wa siku hizi hauaminiki. Nimeudhika mpaka usingizini.

Jumatatu, 7 Oktoba

Akili ni mali. Kunguru anamwogopa bundi, hilo kila mtu analijua. Nimekwenda Mchikichini kwenye midoli ya mitumba, nimepata bundi wa manyoya, mkubwa, macho ya njano kama taa za pikipiki. Nimemfunga juu ya tangi asubuhi, nikaenda zangu dukani kuuza kofia.

Nilichosahau ni kwamba bundi anaogopwa na binadamu pia.

Bi Zulekha wa jengo linalotutazama kafungua dirisha akachungulia, akaona bundi mchana kweupe juu ya nyumba inayosubiri posa, hatikisiki, anamtazama yeye. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua. Kufika alasiri Kigamboni wanajua. Mzee Basil kapiga simu kuuliza kama nyumbani kwetu wote ni wazima. Nikasema wote. Akauliza tena, wote kabisa? Zeina kajifungia chumbani.

Nawal kanipandisha nikamshushe bundi mbele ya macho yake. Nimemkuta kunguru amekaa juu ya kichwa cha bundi, anang'oa jicho. Nimembeba hadi kwa Bi Zulekha ili ahakikishe ni mdoli. Kaushika kwa ncha ya kanga, akasema mdoli au si mdoli, bundi ni bundi. Kunguru wamenisindikiza kwenda na kurudi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimebadili siasa. Adui ukimshindwa, mlishe. Alfajiri nimekwenda Feri, nimejaziwa ndoo ya matumbo ya samaki, nikaipandisha juu ya lile jengo la jirani ambalo halijaisha kujengwa. Hesabu yangu: watahamia kule kwenye chakula, kwangu patakuwa peupe.

Walikuja kunguru wa Kariakoo. Wakaja wa Ilala. Nadhani wengine walikuwa wa Upanga, walikuwa na maringo. Wamemaliza ndoo, kisha wote wakahamia kwangu kupumzika na kufuta midomo kwenye kamba ya nguo. Kasmir kasema hajawahi kuona ndege wengi hivi, labda ni neema. Nikamwacha na neema yake.

Usiku Zeina kaja kukaa pembeni yangu. Hakulalamika. Kaniomba tu niache. Kasema, baba, huyu nampenda, na baba yake hayupo, akikataa ami yake basi imekwisha. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, nampenda. Mwanangu ana miaka ishirini na minane na hajawahi kuniomba kitu kigumu, na hiki si kigumu. Nimemwahidi sitafanya vituko tena.

Ahadi ya baba ni ahadi. Mbinu zitakazobaki zote zitakuwa za kimya kimya.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimefanya jambo la kiungwana. Nimewapelekea wageni wetu wanane kofia mpya za kushonwa kwa mkono kutoka dukani, nakshi ile ile ninayovaa mimi, ili siku ya posa tukae tumefanana. Mzee Basil kanitumia salamu za shukrani. Mambo ya bundi yanaanza kusahaulika.

Nilipomweleza Nawal, akashika tama. Kasema yeye anapanda kila siku kuanika na hajaguswa. Fundi bomba Benjamini jana kapanda kichwa wazi, hakuguswa. Kasmir ndiyo usiseme. Anayepigwa ni mimi tu, na kila nikipigwa nimevaa kofia. Eti kunguru wamelikariri lile vazi la Ijumaa, la mtu aliyehamisha kiota. Nikashtuka, maana la kiota sikumwambia. Kumbe aliniona kupitia dirisha la jikoni tangu siku ile.

Nimemjibu kwamba kunguru hawezi kusoma nakshi. Nimeuza kofia miaka yote hii, wapo hata wateja wasioweza.

Jumapili, 13 Oktoba

Wamekuja baada ya alasiri. Kanzu nyeupe, kofia mpya, udi unanukia ngazi nzima. Mimi mbele, wao nyuma, mlango wa paani nikaufungua mwenyewe na kusema karibuni.

Kunguru wamepanga mstari kwenye ukingo, wanatutazama. Nadhani hawakuamini. Walikuwa wanamtafuta mtu mmoja, wameletewa tisa.

Sitaandika yote. Mzee Basil kapoteza kofia, imeonekana mara ya mwisho ikielekea Jangwani. Mjomba mmoja kajifunika busati. Mwingine kaingia chini ya sinia la biriani, likamwagikia. Kijana Muaz, aliyewasindikiza wazee kichwa wazi, Mungu amweke, kamkinga Nawal kwa mto wa kuegemea mpaka kamfikisha mlangoni, kisha akarudi kumchukua ami yake mgongoni. Mimi nilishatangulia chini kuwaonyesha njia.

Na hapo nani katokea? Kasmir. Kafungua mlango wake wazi, kasema wazee wangu shikamooni, ingieni, nyumba ni yenu. Sebule yake ni kubwa maradufu. Euphrasia kaleta maji, taulo, soda baridi, na akawahi kusema vyombo ni vipya, havijapikiwa kitu chochote cha kuwatia shaka. Posa imesemwa pale, kwenye makochi ya Kasmir. Mzee Basil, kichwa wazi, kasikiliza, kakohoa, kasema nyumba yenye jirani wa namna hii ina malezi. Posa imepokelewa! Jumapili ijayo watarudi tupange siku ya harusi.

Zeina kalia kwa furaha. Mimi pia nimelia, sikujificha. Ila Mzee Basil wakati wa kuaga kashika mkono wa Kasmir muda mrefu kuliko wangu. Nimeona.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, duka limefungwa. Nimekaa na kichwa changu chenye plasta nikafikiri. Nawal alisema kweli, shida ni vazi. Basi kama shida ni vazi, dawa ni kugawana vazi. Kwa nini nichukiwe peke yangu?

Nimefungua duka nusu mlango, nimetoa kanzu moja safi na kofia moja, nakshi ile ile. Nikampelekea Kasmir kama shukrani. Mangi wa watu machozi yamemlenga. Kasema tangu aje mjini hajawahi kuheshimiwa hivi, na Jumapili atalivaa kuwapokea wageni pamoja nami. Nikamwambia itapendeza tupige picha juu ya paa kabla hawajafika, asubuhi, mwanga mzuri.

Zeina alikuwa kasimama nyuma yangu. Kanibusu mkono, kasema, baba, kumbe una moyo mkubwa. Nimeona haya. Haya hiyo imekaa nami mpaka chai ikaisha.

Kitu kimoja kimebaki. Kasmir akishambuliwa atakimbilia mlangoni, burudani itakuwa fupi. Nimenunua kitasa kipya, cha kujifunga chenyewe mlango ukibanwa, upande wa paani hakina mkono. Nimekinunua kwake. Kanichagulia imara kuliko vyote.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika haya nikiwa juu ya paa. Nilipanda mapema na shajara ili niandike ya Kasmir yakitokea, nisisahau hata moja. Kabla hajafika nikaona ni busara kukijaribu kitasa, nilichokifunga mlangoni jana usiku. Nimeubana mlango. Kitasa kinafanya kazi.

Simu iko chini inachajiwa. Nimepiga kelele, lakini barabarani kuna kipaza sauti cha muuza sumu ya mende, kinarudia mende, kunguni, panya bila kupumua. Nimevua kofia nikaikalia. Haijasaidia. Nadhani uso nao wameshaujua.

Kasmir hakupanda. Wageni wamewahi kivuko cha mapema. Nimechungulia ukingoni nikaona kanzu zinaingia, na yeye mlangoni na kanzu yangu, kofia yangu, anawapokea mmoja mmoja. Hakuna kunguru hata mmoja aliyemgusa. Wote wako huku.

Nimeegemeza sikio kwenye mlango. Nimemsikia Nawal anauliza Baba Zeina yuko wapi. Nimemsikia Kasmir anasema bila shaka katoka kununua kitu cha kuwaheshimu wageni, mzee Ubeid ndivyo alivyo, tuanze, akija atabariki. Kisha vigelegele, vya Nawal, vya Euphrasia, na sauti ya Mzee Basil anacheka. Anacheka! Binti yangu kapangiwa siku ya harusi, na mtaa mzima utaijua kabla yangu.

Nimekaa nikalia kidogo. Kunguru wamesogea, nadhani kuona vizuri.

Lakini nimepata wazo. Tangi la maji lina mfuniko, na leo maji yamefika kiunoni tu. Nikijitumbukiza humo nikafunika, kunguru wataona nimeondoka nao wataondoka. Kisha nitaugonga ukuta wa tangi kwa ndani, sauti itashuka na bomba moja kwa moja mpaka sebuleni kwa Kasmir, na watadhani ni bomba lake bovu. Atakuja kupanda mwenyewe kutazama, na kofia yake kichwani. Naacha kalamu hapa, naingia.