Simu Barazani

Jumatatu, 8 Oktoba 1956

Siku kubwa! Simu imetoka sebuleni, imekaa barazani. Nimeihamisha mwenyewe, kwa mikono hii hii ya ukarani.

Kampuni iliniwekea simu wiki tatu zilizopita, ili karani wa zamu apatikane meli zikiingia. Ni ya kwanza katika mtaa wetu hapa Mtoni. Lakini sebuleni nani anaiona? Wanaume wanaongea barazani, ndani kwa mtu hawaingii. Wiki tatu nzima nimekuwa na simu kwa siri, kama mtu mwenye upele.

Fundi Fransis, aliyeifunga, alinionya nisiguse waya hata kwa ufagio. Nikigusa, inang'olewa. Kuhusu koleo hakusema kitu. Nimekata waya, nimeunga yadi nane za waya wa kengele kutoka dukani Kariakoo, maungio nimeyaviringisha plasta ya vidonda, kisha nimeupitisha dirishani hadi barazani. Kazi safi! Nikafunga dirisha, nikalala kidogo kwa uchovu.

Jioni watu kumi na watatu wamekuja kutoa heshima zao. Mzee Mwinshehe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameuliza kama naweza kumpigia dada yake aliye Mbwamaji. Nimemwambia dada yake hana simu. Akauliza, sasa hii yangu ina faida gani? Nimemkaribisha kahawa.

Jumanne, 9 Oktoba

Balaa. Bwana Meneja ameniita ofisini asubuhi. Anasema jana saa kumi jioni alinipigia mara tatu, hakupokea mtu. Nimemwambia nilikuwepo. Ni kweli nilikuwepo! Nilikuwa nimelala, lakini usingizi wangu mwepesi, panya akikohoa naamka. Kengele haikulia.

Hakutaka maelezo. Jumamosi saa kumi jioni atapiga kunipa habari za meli. Simu isipopokelewa, inahamia kwa Ansbert, na ukarani mkuu wa zamu, ninaoungojea mimi, unaifuata huko huko.

Ansbert! Tunafanya kazi meza moja, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na tulitoka Bukoba mwaka mmoja. Ana redio. Ana baiskeli. Ana meno yote. Mimi nina simu tu.

Nimerudi nyumbani saa nane na nusu, nikafunga dirisha kuzuia vumbi la Barabara ya Kilwa, nikalala, maana siwezi kufikiri bila kulala. Saa kumi na moja nimeamka, nikafungua dirisha, nikatoka barazani, nikazungusha mpini wa simu kumwita opereta. Kaitika pale pale. Kauliza nataka namba gani. Nikamwambia sitaki namba, nataka kujua kama yupo. Akakata.

Simu nzima kabisa! Basi ubovu uko mjini.

Jumatano, 10 Oktoba

Nilimwomba opereta anipigie saa kumi kamili kunijaribu. Nimelala na kuamka, hakuna kengele. Nimefungua dirisha, nimezungusha, kaitika. Anaapa amepiga mara tatu. Ameahidi kujaribu tena baadaye kidogo. Mtu mwema, ndiyo maana kwa yaliyofuata simlaumu sana.

Mke wangu Kokushubila anasema simu inakufa nikilala na kufufuka nikiamka. Nimemwambia aache ushirikina, yeye Mkristo.

Nikaamua kuupima waya kitaalamu. Betri huwa tunazipima kwa ulimi, kwa nini si waya? Nikaingia chini ya meza ya simu, nikafungua ncha mbili kwa bisibisi, nikazilamba.

Ndipo opereta akapiga.

Meza ilikwenda upande mmoja, mimi upande wa pili. Kokushubila alichungulia, akauliza kama ni Bukoba wanapiga. Mimi, mtu wa darasa la nane, nimelala sakafuni barazani kwangu, ulimi nje, na wapita njia wananipa pole.

Angalau nimejua umeme unafika.

Alhamisi, 11 Oktoba

Ulimi umevimba. Ofisini nimejibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Bwana Meneja amenisifu kwa adabu.

Fundi Fransis siwezi kumwita. Akiona plasta zangu, simu inaondoka siku hiyo hiyo. Lazima nijitibu mwenyewe.

Mzee Mwinshehe amegundua waya mmoja unaoingia ardhini nyuma ya nyumba. Anasema ardhi imekauka, simu ina kiu. Ukifikiri, ina maana. Nimeimwagilia madebe mawili. Kumbe ndiyo maji aliyoyabeba Kokushubila kutoka bombani kwa kufulia! Ameniuliza natarajia kuvuna lini. Nami nimemuuliza kama niweke na samadi. Tangu hapo haniulizi tena chochote, hata chakula.

Saa kumi opereta kapiga tena kwa ombi langu, mimi nimelala, kimya kama jana. Kiu haikuwa sababu.

Saa kumi na nusu Ansbert amepita na baiskeli yake. Ameshuka kabisa kunisalimu, ameuliza hali yangu, hali ya mke wangu, hali ya ulimi wangu. Mtu asiye na hatia hasalimu hivyo. Sasa naona mwanga! Anakata waya pale kwenye nguzo ya simu barabarani na kuurudishia.

Nimemwaga majivu kuizunguka nguzo yote. Akikanyaga, nimempata.

Ijumaa, 12 Oktoba

Majivu yameonyesha nyayo za mtu mmoja, kiatu cha kushoto kimetoboka kisiginoni.

Ni changu. Nilikwenda mara nne kuangalia kama kuna nyayo.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nitaeleza kwa utaratibu.

Bwana Meneja alimtuma Ansbert aje kuwa shahidi. Ubaya gani huu, kumwalika mrithi kwenye msiba kabla mgonjwa hajafa! Nikampa kiti kizuri kuliko vyote, karibu na simu, chini ya dirisha. Watu wa mtaa walikuwa kama ishirini, wengine nimewaalika, wengine wamejialika. Mzee Mwinshehe alikuja na kanzu ya Idi.

Dakika tano kabla ya saa kumi nikaona dirisha liko wazi. Na ndani sebuleni Kokushubila ameanika kaptula zangu za kulalia, viraka mbele, viraka nyuma. Nikalifunga haraka, nikatia komeo. Nilishukuru Mungu kwa kuliona mapema.

Saa kumi. Kimya.

Saa kumi na dakika tano. Kimya. Nilikohoa. Watu wakakohoa.

Saa kumi na dakika kumi. Ansbert akatazama saa yake, kisha akatazama miguu yake. Nikazungusha mpini. Hakuna opereta, hakuna hata mkwaruzo. Mzee Mwinshehe akauliza kwa upole kama leo nimeimwagilia.

Niliogopa. Nasema hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Sikuogopa hasira za Bwana Meneja. Niliogopa Jumatatu nitakapopita mtaani nikiwa mtu asiye na kitu, na watu wakinisalimu tu kwa huruma. Machozi yalikuwa karibu.

Nikakimbilia jikoni, nikachukua mchi wa kinu, nikatoka mbio hadi nguzoni barabarani. Nikaipiga nguzo. Kimya. Nikaipiga tena, majivu yakanijaa usoni. Nikaipiga mara ya tatu kwa nguvu zangu zote.

Kengele ikalia!

Mtaa mzima ukapiga kelele. Niligeuka na mchi mkononi. Wakati ule ule Kokushubila alikuwa amefungua dirisha kuuliza vikombe vingapi vya kahawa, hana habari kabisa na ukubwa wa jambo lililotokea. Kaptula zote zinaonekana. Lakini nani anajali!

Ansbert alishapokea. Nikajua nimekwisha. Nilipofika barazani nikihema, nilimsikia akimwambia Bwana Meneja kwamba mwenye nyumba yuko nje juani, anatengeneza laini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akanipa mkono wa simu. Bwana akanipa habari za meli na kuniita mtu wa kutegemewa.

Mtu wa kutegemewa! Nimeuosha mchi mwenyewe.

Jumatatu, 15 Oktoba

Simu inabaki kwangu. Ukarani mkuu, Bwana Meneja ataamua Jumamosi hii, meli nyingine inakuja na atapiga saa ile ile. Ameniagiza niwaeleze makarani wenzangu namna ya kutengeneza laini. Nimewaeleza. Pigo la kwanza linaamsha waya, la pili linasukuma, la tatu linafungua. Wameandika.

Baada ya kazi Ansbert amenivuta pembeni. Anasema Jumamosi alikuwa amekaa chini ya dirisha, akaona kwa macho yake. Ubao wa dirisha ukifungwa unaubana waya wangu pale ulipoungwa. Mke wangu alipofungua, waya uliachia, kengele ikalia. Amenisihi nisilifunge tena, au nitoboe tundu ukutani. Hata kekee yake ameahidi kuniazima.

Nimefika nyumbani, Kokushubila ananieleza maneno hayo hayo! Komeo, plasta, ubao, yote. Watu wawili, hadithi moja. Wamezungumza lini?

Nimekaa nikafikiri bila kulala, jambo nisilolifanya mara nyingi. Mtu anayeitaka simu yangu, akose usingizi kwa ajili ya kunisaidia kuitunza? Kwa nini? Na kwa nini anataka dirisha langu liwe wazi, watu wote waone viraka vyangu? Anadhani mimi mjinga. Ansbert akilitaka dirisha wazi, basi usalama wangu uko katika kulifunga.

Nimelifunga. Nimepigilia misumari sita ya inchi tatu, waya ukiwa umekaa vizuri katikati, hautikisiki hata kwa upepo. Kokushubila ametazama hadi msumari wa mwisho, kisha ameondoka kwenda kukaa kwa mke wa Mzee Mwinshehe. Mchi nimeuegemeza nguzoni tayari.

Simu imetulia, hata kukwaruza imeacha. Jumamosi saa kumi nimewaalika watu arobaini.