Ngao ya Chumvi, Mafungu Saba

Jumanne, 9 Septemba 2025
Balaa. Bi Yumna, yule wa Mikuki Saba, hadithi moja ya vitabu saba inayojulikana hata na wasiosoma, ametoa riwaya mpya ya mashujaa, Ngao ya Chumvi. Safari hii hakuna mfululizo. Kitabu kimoja, kinaanza na kumalizika humo humo. Kurasa 560! Jumamosi anakuja Wete kutushindanisha, sisi barza ya wasomaji ya Jadida na wale wa Tumbe. Nyange, mchuuzi wa samaki wa Tumbe, nasikia kashakisoma mara mbili. Sisi tuna nakala moja, ya katibu wetu Rahila, ambaye kaniambia waziwazi kwamba tukishindwa tena nimpishe kwenye uenyekiti. Miaka sita nimekalia kiti kile. Sitoki.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepata! Leo nilikuwa hitimani kwa jirani. Juzuu thelathini zikagawiwa, kila mtu lake, na kabla pilau haijaletwa msahafu mzima umeshasomwa. Nasi wanabarza tuko saba. Nikaazima kitabu kwa Rahila, nikasema nakwenda kukitia jalada. Kisu cha jikoni, mafungu saba. Gundi ilipoachia nilisikia uchungu kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimegawa. Rahila alipokea fungu la nne la kitabu chake mwenyewe na hakusema neno. Nimehesabu kuwa ameridhika. Mzee Nassor, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeleta maneno.
"Hafidh mwanangu, hitima watu husoma kitabu wanachokijua. Hiki nani anakijua?"
Nikamshukuru kwa mchango wake. Kufika Magharibi kitabu kimekwisha. Tumbe wameumia!

Jumamosi, 13 Septemba
Bi Yumna aliuliza swali moja tu: shujaa Kitwana alikosea nini, na alilipaje? Nikasimama. Nikasema Kitwana hana kosa, kijana mwema kabisa. Hivyo ndivyo lilivyo fungu la kwanza. Mzee Nassor akasema Kitwana ni msaliti. Msellem, fungu la tano, akasema wameshamzika. Ishak, fungu la saba, akaapa kuwa Kitwana anaoa. Tukagombania maiti mbele ya mwandishi.
Bi Yumna akaomba kukiona kitabu chetu. Rahila akampa, mafungu saba yamefungwa kwa ukili wa mkeka. Akakipakata.
Nyange akajibu bila ya karatasi. Nakiri, alisimulia vizuri. Nilisahau hata kumchukia.

Jumapili, 14 Septemba
Rahila mwenyekiti, kura sita kwa moja. Hiyo moja yangu. Kiti kile nilikipenda, na nimetahayari.
Lakini kosa nimeliona: kisu. Kitabu cha pekee hakigawiki. Mwezi ujao tunarudiana na Tumbe, na kinachosomwa ni Mikuki Saba. Vitabu saba, wanabarza saba! Kila mtu chake, na hapachanwi kitu. Nimekwenda kumweleza mwenyekiti. Kafunga mlango. Bila ya shaka anapanga nani apewe kipi. Mie nimeshachukua cha kwanza.