Bunduki Iliyopakwa Mawese

Jumatatu, 7 Juni 1999

Peguy ameamka saa kumi na moja alfajiri. Tena! Ana miezi minane, na tangu azaliwe sijalala Jumamosi hata moja. Siku nyingine sisemi kitu. Baba yake, Ladislas, anakwenda bandarini kupakua mizigo, na kazi ni kazi. Lakini Jumamosi anabeba bunduki yake ya upepo, anakwenda Pinetown, nje kidogo ya Durban, kupiga njiwa ndani ya ghala la mahindi. Meneja wa ghala alimruhusu yeye na kundi lake kwa sababu njiwa wanakunya juu ya magunia. Saa nane mchana anarudi na njiwa wawili wembamba kama kalamu, anajilaza, anasema mwindaji lazima apumzike.

Mimi sitaki dhahabu. Sitaki hata viatu. Nataka kulala Jumamosi moja, asubuhi nzima, mpaka usingizi wenyewe useme basi.

Nimemwomba tupokezane: wiki hii aende yeye, wiki ijayo abaki na mtoto. Akauliza, na wewe utakwenda wapi? Nikakosa jibu. Ukimwambia mwanaume unataka kulala, atakuambia si ulale tu, mama, nani amekukataza. Na mtoto analia mapajani mwako.

Jumanne, 8 Juni

Nimepata jibu! Nimemwambia nataka kuwinda.

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akaniona sicheki. Akasema haiwezekani, kundi lina kanuni: hakuna anayeshika bunduki ambayo kitako chake hakukitengeneza kwa mikono yake. Kitako ni ile mbao unayoegemeza begani. Unaondoa vanishi ya zamani, unapiga msasa, unapaka mafuta, unangoja, unapaka tena. Wanasema mbao inakujua mkono. Mungu wangu.

Kundi lenyewe lina watu watatu. Séverin ni prezida, Pandu wa Unguja ni katibu, mume wangu ni mweka hazina. Hazina yenyewe sijaiona. Mwanachama wa kawaida hakuna hata mmoja, wote ni wakubwa! Nikamwambia Ladislas basi mimi nitakuwa raia, mpate mtu wa kumtawala. Hilo lilimwingia. Amekubali nitengeneze ile bunduki kuukuu iliyo chini ya kitanda, akijua nitashindwa.

Mpango kamili anaujua Rhoda peke yake, Mtanzania mwenye saluni hapo chini. Nikishakuwa mwanachama, zamu yangu ikifika, nitatoka nyumbani na bunduki, nitashuka ngazi, nitaingia chumba cha nyuma cha saluni. Iko kochi pale. Nitalala. Rhoda amesema, shoga, wewe una akili ya shetani. Nimefurahi siku nzima.

Jumatano, 9 Juni

Kupiga msasa. Peguy mgongoni, kitako mezani. Vanishi ni nyeusi kama chungu cha marehemu bibi. Mikono inauma, vumbi limeingia mpaka kwenye uji.

Ladislas alisimama mlangoni akinitazama. Akasema nafuata mbao vibaya, lazima niende na mistari yake. Nikafuata mistari. Akasema taratibu. Nikaenda taratibu. Yeye kitako chake anakishughulikia mwezi wa tatu sasa! Kila jioni anakipaka mafuta kwa kiganja, pole pole, akiimba na mdomo umefungwa. Mtoto wa kumzaa mwenyewe hajawahi kumpaka hata vaselini.

Nimeandika hapa tu.

Alhamisi, 10 Juni

Mbao imetoka safi, nyeupe. Sasa mafuta. Mafuta gani? Kwa mume wangu siwezi kuuliza, atasema si nilikuambia. Nikamvizia Pandu kwenye ngazi. Akasema, shemeji, mambo ni matatu: mafuta kidogo, kiganja cha moto, na subira. Nikauliza jina la mafuta. Akacheka, akasema siri ya fundi haifundishwi mshindani, tena mshindani mwenye mtoto mgongoni.

Sawa, Pandu. Mafuta ni mafuta. Nikafungua kabati nikatoa chupa ya mawese, mafuta ya michikichi ya kupikia, iliyokuja kutoka kwetu Uvira, imepita Lusaka na mpaka wenye matatizo. Mawese ninayoyahesabu kwa kijiko! Nikapaka kidogo kwa kiganja. Yesu na Maria! Ile mbao nyeupe ikawa nyekundu kama jua la saa kumi na mbili. Kitako cha mume wangu kando yake kinaonekana kama mwiko wa ugali.

Nimepaka mara nne. Nyumba inanukia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Ijumaa, 11 Juni

Baridi kali asubuhi. Durban nayo inajua kuleta baridi ikitaka. Nimegusa kitako: kimekauka! Kigumu, kinang'aa. Siku moja tu! Wao wanangoja wiki tatu kikauke. Wanaume wanapenda kujichosha.

Jioni kundi likaja kukagua. Kanuni nyingine: kitako cha mtu hakiguswi na mwingine, kinatazamwa tu. Nashukuru kwa kanuni hiyo. Séverin alivaa miwani, akainama, akazunguka meza mara mbili, akasema ni mogano ya zamani, mogano ya hali ya juu. Pandu alijikuna kidevu. Kujikuna kule kulinishibisha kuliko chakula. Ladislas alinusa hewa, akaniuliza kama napika maharage.

Nimepita! Kesho nakwenda mara moja kwa majaribio, na Séverin na Pandu. Baada ya hapo ni zamu kwa zamu, mimi au Baba Peguy, kila mtu akienda kivyake. Kesho Baba Peguy anabaki na mtoto. Nimemwonyesha nepi ziko wapi. Alinitazama kama naondoka kwenda vitani.

Jumamosi, 12 Juni

Niandike yote, nisisahau.

Tulikwenda na pikapu ya Séverin. Ghala ni kubwa, bati tupu, vumbi la unga linaelea kila mahali, na njiwa juu wamejaa kama waumini siku ya Pasaka. Wakaniweka juu ya rundo la magunia. Chini yangu mapipa matupu yamepangwa safu tatu. Asubuhi ile bado baridi. Nilijisikia mwindaji.

Saa nne jua likapanda juu ya bati. Kwanza shavu langu likateleza juu ya kitako. Nikafuta, mkono ukawa mwekundu. Nikadhani nimejikata! Nikalamba. Mawese. Hayakuwa yamekauka kitu, yaliganda kwa baridi tu! Sasa yanayeyuka, yanashuka mpaka viwiko, na lile vumbi la unga linajibandika juu yake. Kwa dakika kumi bunduki yangu ilikuwa kama samaki aliyepakwa unga, anangoja sufuria. Séverin alifuta miwani kwa aibu ya uprezida, yeye na mogano yake. Pandu aliuliza kwa sauti, shemeji, leo tunawinda au tunakaanga?

Hasira zikanishika. Nikalenga njiwa mmoja mnene, nikabana kifyatulio. Bunduki ikazunguka mikononi kama samaki mgebuka aliye hai, ikaruka, ikaangukia mapipa. Pipa moja likabingirika, likagonga la pili, la pili likayaamsha yote. Kelele ile! Ndani ya bati! Nilidhani Pinetown imeanguka. Njiwa wote, mia mbili au zaidi, wakatoka mlangoni kwa mara moja. Unyoya mmoja ukashuka taratibu kwenye kofia ya Pandu.

Meneja, Bwana Steve, akaja mbio. Nikajua nimekwisha. Akatazama juu. Hakuna njiwa hata mmoja. Akaita wafanyakazi wake wafunge wavu kwenye matundu yote, sasa hivi, kabla hawajarudi. Miaka miwili wavu umekaa stoo unangoja njiwa watoke! Halafu akanipa mkono. Mkono wake ukatoka mwekundu na unga, hakujali. Akasema, eish, mama, hawa mabwana wananitolea njiwa wawili kwa wiki, na wengine wanazaliwa kumi.

Tukarudi. Séverin aliendesha kama anarudi kuzika.

Nyumbani kimya. Nikaogopa. Nikawakuta wamelala sakafuni juu ya kitenge, baba na mtoto, mkono wake mgongoni mwa Peguy, nepi imefungwa nyuma mbele. Moyo ukalainika. Nikawafunika. Nikasimama pale nikiwatazama, halafu nikakasirika. Wamelala! Bila mimi!

Jumatatu, 14 Juni

Wenzake wamemfikia Ladislas. Ameambiwa kila kitu. Leo, akifunga viatu, alisema mafuta ni ya kitani, mafuta ya mbegu za kitani, yanauzwa duka la rangi, mtu yeyote angekuambia. Mtu yeyote! Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema mbona sikuuliza.

Kosa halikuwa mafuta. Kosa lilikuwa jua.

Jumamosi, 19 Juni

Njiwa hakuna, uwindaji hakuna. Nikajiambia leo mume yuko nyumbani, leo nalala.

Saa kumi na mbili asubuhi hodi! Prezida na katibu, kila mmoja na kitako chini ya kwapa. Kwa kuwa hakuna pa kuwinda, wameamua kuvua mafuta yote na kuanza upya. Mezani kwangu! Misasa mitatu kwa pamoja, kroo kroo kroo. Waliomba chai. Halafu mkutano: hali ya njiwa. Ukafuata mkutano wa pili kuhusu mwanachama wa kawaida. Nimefukuzwa kwa kauli moja, nikiwamiminia chai.

Peguy alipopiga chafya kwa vumbi, niliwatoa. Sikupiga kelele. Nilichukua vitako vitatu, nikaviweka nje kwenye ngazi, nikasema mtoto wangu anapumua humu. Wakatoka, wazee wazima. Sasa wanasugua mlangoni. Sauti ni ile ile.

Jumapili, 20 Juni

Nimemweleza Rhoda baada ya kanisa. Akasema, shoga, mbona jambo dogo? Mwambie mumeo: Jumamosi kaa na mtoto, nimechoka, nalala. Basi. Jumamosi ile si alikaa naye, na mtoto yuko hai?

Rhoda ni mtu mzuri lakini mipango haijui. Ukiomba hivi hivi unabaki na deni la maneno mwaka mzima.

Dawa ni njiwa. Wanaume wakipata njiwa watatoka, wakitoka iko kimya, na mambo ya zamu tutayaanza upya. Nimeona ghala jingine Pinetown, bati limetoboka, halina njiwa hata mmoja. Na hapa mjini njiwa wamejaa, wanene, hawaogopi mtu. Nahitaji maboksi sita ya kuwahamishia kule, na mahindi ya kutosha. Rhoda atashika mlango wa boksi, bado hajui. Wanakamatika vizuri kabla jua halijatoka, wakiwa na usingizi.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo naamka saa kumi alfajiri.