Kindi, Karanga na Kinamasi Changu

Jumanne, 14 Novemba
Kindi wamefukua tena. Kinamasi changu cha mimea inayokula wadudu, fahari ya mtaa huu wa Wilmington, kimejaa mashimo! Wameng'oa mmea mmoja wa mtego, ule unaofumba majani, na nzi wake ndani. Chama cha wapenda mimea kinachagua bustani ya kutembelea majira ya kuchipua. Mwaka jana walikwenda kwa Wendell, jirani wa kushoto. Safari hii ni kwangu, watake wasitake.

Jumatano, 15 Novemba
Akili imenijia. Wendell alipotoka, nimemrushia mfuko mzima wa karanga juu ya uzio. Kindi wote wamehamia kwake. Nimekunywa kahawa dirishani kwa raha zangu. Mke wangu Odessa kauliza nacheka nini. Nikasema hali ya hewa nzuri. Kasema hajawahi kuona hali ya hewa yenye mkia.

Ijumaa, 17 Novemba
Balaa. Mashimo yameongezeka, na kila shimo lina karanga! Wanaokota kwa Wendell, wanakuja kuzika kwangu. Mtaa mzima hauna udongo laini kama wangu. Wendell kachungulia, akasema pole jirani, naona siku hizi unalima karanga. Nikamwambia ni majaribio.

Jumapili, 19 Novemba
Redio inasema usiku kuna jalidi, baridi ya kugandisha mimea. Mimea haijafunikwa, nami majani yangu makavu ya misonobari ya kufunikia nilishayatupa. Wendell ana mifuko tele ya majani hayo kando ya barabara. Nimekwenda kinyemela. Nimeshika miwili tu, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Wendell! Kasema nichukue yote, aliniwekea mimi. Nimeona haya mpaka masikioni.

Kaleta na wavu wa waya wa banda la kuku. Kasema tutandaze waya kwanza, majani juu, kindi wasipate pa kuchimba. Halafu, bila kuniangalia, akasema karanga zilikuwa tamu, ila mwakani nimletee za kukaanga. Odessa katukatia pai ya viazi vitamu. Jioni njema sana.

Jumatatu, 20 Novemba
Jalidi nyeupe kila mahali, kinamasi changu salama. Hakuna shimo hata moja. Wendell ni mtu mwema, sitamrushia tena kitu.

Ila kindi wamejipanga juu ya uzio, wananitazama. Waya hawatauogopa milele. Bi Hester, jirani wa kulia, kaenda kwa dada yake hadi baada ya sikukuu ya shukrani, ile ya kula bata mzinga. Nimefikiri sana, nimeliona kosa langu: zilikuwa karanga. Nimenunua lozi.