Barua Mbili za Daktari Aloo

Jumatatu, 3 Februari

Tangazo limebandikwa ukutani karibu na birika la chai. Ufadhili wa shahada ya uzamili katika takwimu za afya, Nairobi. Karo, malazi, hata kompyuta. Nafasi moja tu kwa mradi wetu wa kupima watoto! Nililisoma mara mbili, kisha nikaliegemea ili wengine wasilione. Dakika arobaini. Chai ilipoa mkononi. Halafu Metrine Naswa akaniomba nisogee achukue sukari.

Akaliona.

Metrine ni karani wa data kama mimi, meza yake inatazamana na yangu. Anahesabu kila kitu mara tatu. Hata vijiko vya sukari.

Nilimpigia Mama, anauza nyanya sokoni Otonglo. Nikamwambia nitaomba. Kwa Mama, kuomba na kupata ni kitu kimoja. Alipiga vigelegele kwenye simu.

Jumatano, 5 Februari

Kila mwombaji anahitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wake. Mkuu wetu ni Daktari Aloo, mtu wa mikutano. Akaniambia lile neno la wakubwa wote: andika mwenyewe, nitasaini. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena. Niandike na ya Metrine pia, kwa sababu yuko Port Victoria wiki hii akipima watoto, na mimi Kiingereza changu ni safi.

Mungu yupo!

Ijumaa, 7 Februari

Barua yangu imefika kurasa nne. Nimesema Byron, yaani mimi, ndiye kichwa cha mradi. Nimesema mwaka jana alipima uzito wa watoto 412 wa wavuvi wa Port Victoria, na hakuna nafasi hata moja iliyobaki tupu kwenye fomu zake. Kweli tupu. Sikutaja kwamba watoto kumi na tisa hawakuwa nyumbani, kwa hivyo niliwakadiria nikiwa kibandani, sahani ya samaki wa mbuta mbele yangu. Mtoto wa miaka miwili ni mtoto wa miaka miwili. Kilo kumi na mbili. Huyu naye kilo kumi na mbili.

Ya Metrine ilitaka akili. Kumtukana ni ushamba. Nimeandika ukweli mtupu, ule unaoumiza. Kwamba ni mtu wa polepole. Kwamba alirudi nyumba moja mara nne akitafuta mtoto mmoja, na alipomkosa akaacha nafasi tupu na kuandika sababu. Kwamba anawasumbua wakubwa kwa maswali. Kwamba aliwahi kumwambia Daktari mbele ya wageni kuwa mizani imeharibika. (Ilikuwa imeharibika, lakini adabu iko wapi?) Nusu ukurasa, basi. Karibu nimwonee huruma.

Jumatatu, 10 Februari

Daktari amesaini zote mbili juu ya boneti ya gari lake huku akiongea na simu. Hakusoma hata mstari. Nampenda sana huyu mzee.

Metrine amerudi na kilo ya omena, dagaa wa ziwani, shukrani kwa kumwandikia. Nilikaanga jioni na nyanya za Mama. Tamu sana. Roho iliniuma mpaka sahani ilipoisha.

Jumapili, 16 Februari

Balaa. Mama ameshatangaza kanisani! Mchungaji alinisimamisha mbele, akaniombea safari njema. Kina mama wakaleta sufuria mbili, blanketi na beseni. Mama alilia, akajifuta kwa kitenge kile cha Krismasi. Aliniambia tangu Baba afariki hajawahi kukalia kiti cha mbele.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Kisha nikajiambia: sasa lazima nipate, kwa njia yoyote.

Alhamisi, 27 Februari

Mahojiano, kwa kompyuta. Profesa Nabututu, mama mmoja mpole mwenye miwani. Alikuwa na fomu zangu mbele yake, lakini hakuuliza hesabu hata moja! Aliuliza tu kama watoto wote 412 walikuwa nyumbani. Nikasema wote. Akauliza kama hakuna familia iliyokuwa imehama kufuata samaki. Nikasema watu wa kule wanaipenda sayansi. Akataka kujua mbona wengi wana kilo kumi na mbili kamili. Nikamweleza kwamba mama zao wanapika uji wa aina moja.

Akaandika kitu kirefu. Nadhani ni sifa.

Jumanne, 4 Machi

Metrine ndiye amepata!

Profesa alimpigia Daktari. Alisema barua ya Metrine imemweleza mtakwimu wa kweli kuliko barua zote alizowahi kusoma. Kuhusu yangu, aliuliza kama Daktari aliisoma kabla ya kusaini.

Daktari ameisoma leo. Kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama. Kwenye ukurasa wa tatu, pale niliposema "mimi, Aloo, nimejifunza mengi kwa kijana huyu", alivua miwani. Akaniuliza kuhusu zile kilo kumi na mbili. Nikamwambia yote, hata mbuta. Amenipa mizani na siku tatu: nikawapime wale watoto kumi na tisa. Nikibuni hata mmoja, kazi sina.

Metrine, ambaye ameshaisoma barua yake, alikuja mezani kunishukuru, machozi yakimlengalenga. Alisema hakuna mtu amewahi kumwona jinsi alivyo kama mimi. Sikujua niangalie wapi.

Mama hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema tu: nyathina, mwanangu, sufuria za watu hazirudishwi. Tafuta mahali pa kwenda.

Jumamosi, 8 Machi

Port Victoria, siku ya mwisho. Nimekuja na sufuria moja, ili Mama aseme nimesafiri.

Nimepima kumi na mmoja. Kwa mizani, kwa mikono yangu, mmoja akanikojolea. Wanane hawapo, wazazi wamehamia ufuo mwingine, nusu siku kwa boti. Na jua hili!

Nikakaa kivulini nikafikiri sana, kwa unyenyekevu. Nimeelewa kosa langu. Kazi yangu ilikuwa nadhifu mno. Hawa wasomi wanapenda nafasi tupu? Watapewa. Watoto watatu nimewaacha tupu na kuandika sababu, jinsi Metrine anavyofanya. Watano waliobaki nimewapa 13.7, 14.3, 12.9, 13.1 na 14.6. Hakuna kilo kamili hata moja. Nimekumbuka hata kuwaongezea kilo za mwaka mmoja, maana watoto hukua.

Nimempigia Daktari, nikamwambia kwa huzuni kwamba watatu nimewakosa. Kisha akasema, kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba sasa ninaanza kuwa mtakwimu, na mwaka ujao barua yangu ataiandika yeye mwenyewe.

Nimekataa kwa heshima. Ana shughuli nyingi, mzee wa watu. Nimeshaanza ukurasa wa kwanza.