Mwenye Ruhusa ya Jedwali la Alizeti

Jumatatu, 2 Desemba

Siku kubwa! Mkurugenzi wetu, Mama Generosa, ametuita wote kumi na wanne kwenye ukumbi mdogo hapa Mtumba, Dodoma, na kutangaza kwamba Kitengo cha Mbegu za Alizeti sasa kitafanya kazi kwa pamoja, kidijitali. Basi kuandikiana dokezo. Basi kupigiana simu mara saba kuulizana lori liko wapi. Kutakuwa na jedwali moja mtandaoni: ghala linaandika, walio vijijini wanaandika, ofisi inaona. Mbegu za msimu huu zikishawafikia wakulima, atateua Mratibu wa Ushirikiano wa Kidijitali. Mratibu atapewa chumba namba tisa.

Chumba namba tisa kina mlango! Mimi, Abdulrazaki, afisa utawala kwa miaka kumi na tisa, nakaa pembeni ya mashine ya fotokopi. Watu huegemeza viwiko mezani kwangu wakisubiri kurasa zao. Mmoja aliwahi kuniwekea andazi juu ya jalada.

Tatizo ni Yusra wa TEHAMA. Miaka ishirini na sita. Jedwali katengeneza yeye. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa sauti laini mno. Dharau hiyo, naijua.

Jedwali lake alilieleza kwa dakika nne tu. Kijiji hapa, magunia hapa, gari hapa, limefika au halijafika. Kila mtu ajaze mstari wake. Watu wakaanza kutabasamu. Nikaona mlango wangu unaondoka. Nikanyoosha mkono nikauliza: na usalama je? Sikuwa na la kuongeza, wala halikuhitajika. Mama Generosa alikunja uso, akasema hilo ni swali zito, akauliza napendekeza nini. Nikapendekeza ruhusa ya kuandika iwe kwa mtu mzima mmoja mwenye uzoefu, wengine wote wamwombe yeye. Akauliza nani. Nikatazama dari kwa unyenyekevu.

Nimepewa!

Jumanne, 3 Desemba

Utulivu wa ajabu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeomba ruhusa. Nimemwambia Mama Generosa kwamba nidhamu imerudi kazini.

Nimefungua magrupu ya simu ili kupunguza kelele. La kwanza, Alizeti Rasmi. La pili, Alizeti Dharura. La tatu, Alizeti Dharura Kweli, kwa sababu watu watalitumia vibaya lile la pili. La nne, Alizeti Maswali. Bartolomayo, mtunza ghala wetu kule Kizota, ameuliza tofauti ya la pili na la tatu. Ameuliza kwenye la kwanza! Nimemwelekeza aulize kwenye la nne.

Saa tisa Yusra alikuja mezani kwangu. Akasema kwa upole kwamba maombi ya ruhusa huingia kwenye barua pepe. Akaniuliza kama nimeifungua tangu jana. Nikamjibu kwamba naifungua kwa ratiba. Alipoondoka nikaifungua. Maombi arobaini na sita. Thelathini na moja yametoka kwa mtu mmoja: Mwantum, afisa ugani wa Busi, kule Kondoa.

Ving'ang'anizi hawa wanahitaji kufundishwa subira. Nimeyaacha yalale.

Jumatano, 4 Desemba

Mwantum kapiga simu. Huko Busi ili upate mtandao sharti upande kilima cha nyuma ya shule, kwa hiyo alikuwa akihema. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za mke wangu Salwa, za joto la Dodoma. Kisha akasema mvua imenyesha mara tatu. Watu wameshalima. Mbegu zisipoingia ardhini kabla ya wiki ijayo kwisha, udongo wa kule ukikauka huwa kama sakafu, na msimu umekwenda. Anahitaji magunia sitini. Ameomba ruhusa kutwa nzima ya jana. Mwishowe akaiandika idadi kwenye karatasi, akaipiga picha, akanitumia.

Nilimweleza kwamba picha ya karatasi si kidijitali.

Nilisikia upepo wa kilimani. Akauliza, sasa nifanyeje, kaka? Nikamwambia safari hii nitamsaidia. Nikaandika sitini kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye mstari wa Busi, mbele ya macho ya ofisi nzima, polepole. Uongozi ndio huo.

Salwa nyumbani alisema ningempa tu ruhusa. Mke wangu ni mtu wa maana lakini hajawahi kuendesha mfumo. Nikamkumbusha kwamba babu yangu aliongoza misafara kutoka pwani, akajua mzigo wa kila mpagazi kwa kichwa. Salwa akasema basi na mimi nitumie kichwa.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimegundua njama. Wafanyakazi wanampelekea Yusra habari zao, naye anakuja kuniambia niziandike, kama vile mimi ni karani wake! Leo kaja mara nne. Ya nne alikuja na kiti.

Nimeamua kuonyesha nani fundi. Jedwali la Yusra limepangwa kwa kufuata barabara, jinsi lori linavyopita. Ovyo kabisa. Orodha yenye heshima hupangwa kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina ya vijiji, nikabonyeza A hadi Z. Kompyuta ikaniuliza kama nataka na safu nyingine zisogee pamoja. Nikajibu hapana. Sikutaka kuvuruga.

Vijiji vikajipanga kama askari! Nikatia na rangi. Kijani, njano, bluu. Mama Generosa alipita, akasimama nyuma yangu, akasema miaka yote hajawahi kuona orodha ya mbegu inayopendeza hivi.

Jioni Bartolomayo aliandika kwenye Alizeti Dharura: mbona bustani yetu ya mfano, hapo hapo Mtumba, imeandikiwa magunia sitini, na Busi mawili? Nikamjibu mara moja kwamba hilo ni swali, si dharura, na grupu la maswali analijua. Hakuandika tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Saa nne asubuhi lori limeingia getini kwetu. Magunia sitini. Wapakuzi wanne, na dereva mwenye karatasi iliyochapwa kutoka kwenye jedwali langu, na rangi zote. Bustani ya mfano ina ukubwa wa kivuli cha gari. Magunia yakajaa korido mpaka chooni.

Nilijua mara moja. Namba zimebaki palepale, vijiji vimehama; bahati nzuri malori ya vijiji vingine yalishaondoka kabla sijapanga.

Mama Generosa akatoka ofisini akauliza nini hiki. Niliwaza haraka. Nikasema ni akiba ya kimkakati. Akarudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akarudi ndani. Yusra alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Alikuwa anahesabu magunia.

Baada ya swala ya Ijumaa nilijaribu kurudisha vijiji mahali pake. Sikumbuki vilikuwa vimekaaje! Nimeamua kufuta mstari wa Busi ili kosa lisionekane.

Jumamosi, 7 Desemba

Nilikuwa nyumbani kwangu Area D, nanyoa ndevu, simu ikaita. Mwantum. Leo hakuuliza habari za joto. Lori limefika Busi, limeshusha magunia mawili, limeondoka. Watu wamesimama uwanjani tangu alfajiri, wengine wametoka vijiji vya juu na punda. Mzee Abdulrahim, aliye mbele ya foleni, aliyatazama yale magunia mawili akauliza kwa adabu kama ni ya kuonja.

Nikamwambia Mwantum ni hitilafu ya mfumo. Akaniuliza mfumo upi. Nikamwambia, wa Yusra.

Nimeandika hivi kwa sababu shajara ni ya siri. Haikunipendeza nilivyosema. Lakini ilikuwa imeshatoka.

Jumapili, 8 Desemba

Salwa ana shangazi, shangazi ana binti, binti anafanya kazi ghalani kwa Bartolomayo. Kumbe tangu jana mchana Yusra, Bartolomayo na Mwantum wanazungumza wenyewe. Hawana grupu hata moja. Mwantum katuma ile picha yake ya karatasi, Bartolomayo kapata lori, Yusra kapata kibali cha Mama Generosa kwa simu moja. Kesho ni sikukuu ya Uhuru, watu wamelala, wao wanapeleka magunia sitini Busi.

Bila mimi! Na huko patapigwa picha. Yusra amesimama mbele ya magunia, wazee wanamshukuru, picha inafika kwa Mama Generosa, chumba namba tisa kwaheri.

Nimempigia Yusra nikamwambia kwamba kwa mujibu wa utaratibu, mwenye ruhusa lazima aambatane na mzigo. Akasema, "Karibu, kaka. Tunapakia saa kumi na moja alfajiri. Vaa nguo za kazi."

Nikavaa suti.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeumia kila mahali. Naandika nimelala kifudifudi.

Tulikuwa watu watatu na dereva kwa magunia sitini. Mtumba tuliyapakia sisi. Baada ya Kondoa barabara ilikuwa tope. Tulishuka kusukuma mara mbili. Kiatu changu kimoja kipo huko mpaka sasa.

Busi walikuwa wanangoja. Hakuna aliyenisonya, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee Abdulrahim alinipokea gunia la kwanza, na umri wake ule, akanipa pole ya safari. Nilimwamkia shikamoo nikaona haya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekaa juu ya jembe lake. Alisimama kabla gunia halijagusa chini.

Mwantum ni mwembamba, mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na mtandao mbovu. Nilimdhania pandikizi la mtu. Alinipa kata ya maji, akakaa kando yangu kwenye ubao wa lori.

"Kaka Abdulrazaki," akasema, "mimi nilitaka kuandika namba moja tu. Sitini."

Nikamaliza maji, nikamrudishia kata. Alinikaribisha chakula. Ugali na mlenda na kuku, na tulikula sinia moja na Yusra na Bartolomayo. Bartolomayo alinisogezea paja. Kwa muda wa, naweza kusema, nusu saa nzima, sikuwaza chumba namba tisa.

Picha hazikupigwa. Simu ya Yusra ilikuwa imeisha chaji. Suti yote ile!

Jumanne, 10 Desemba

Kikao saa tatu. Mama Generosa akauliza ilikuwaje akiba ya kimkakati ikawa ndiyo mbegu za Busi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema kwenye mazingira ya ushirikiano ni vigumu kujua nani alibonyeza nini, hivyo tusitafute mchawi.

Yusra akasema kwa sauti yake ile laini kwamba si vigumu. Akabonyeza kitu kwenye kompyuta iliyokuwa ikirusha jedwali ukutani. Pembeni ya jedwali pakafunguka orodha ndefu. Kila badiliko, siku, saa, dakika, na jina la aliyelifanya.

Kumbe jedwali linakumbuka! Hakuna aliyeniambia!

Lilikuwapo jina moja tu, kwa kuwa ni mtu mmoja tu aliyekuwa na ruhusa. Abdulrazaki, Abdulrazaki, Abdulrazaki, kutoka juu hadi chini ya ukuta. Abdulrazaki kapanga vijiji. Abdulrazaki katia kijani. Abdulrazaki kaondoa kijani. Abdulrazaki kafuta Busi. Mtu nyuma alianza kucheka akajifanya anakohoa.

Hukumu: ruhusa nimenyang'anywa, sasa kila mtu anaandika mstari wake. Magrupu yote manne yafungwe. Yusra ndiye Mratibu. Alipoambiwa kuhusu chumba namba tisa alishukuru, akasema atakaa Kizota karibu na ghala, kwa kuwa matatizo yenyewe yako huko. Chumba kitawekwa mafaili ya zamani. Mafaili! Yana mlango, mimi sina!

Na mimi niwaandikie watu wa Busi barua ya kuwaomba radhi. Nusu ukurasa, kasema Mama Generosa. Kwa lugha ya kawaida.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku mbili nimeitafakari barua hiyo. Barua ni mambo ya zamani. Mtu anaisoma, anaikunja, anaweka mfukoni, na wewe hujui kama umesamehewa au la. Hakuna takwimu!

Kwa hiyo nimetengeneza fomu ya mtandaoni, Fomu ya Tathmini ya Msamaha. Maswali kumi na manane tu. Jina, kijiji, ukubwa wa shamba, kiwango cha maudhi kabla ya magunia, kiwango cha maudhi baada ya magunia, umemsamehe Ndugu Abdulrazaki kwa asilimia ngapi. Mtu akiruka swali moja fomu inarudi mwanzo, ili kulinda ubora. Nimeipa rangi ya zambarau.

Nikamtumia Mwantum kiungo asubuhi, nikamwambia kwamba akiwapandisha wakulima mia mbili kilimani kwa mafungu ya kumi kumi, kazi itaisha kwa siku chache.

Amejibu saa nane. Anasema, asante kaka, walishakusamehe siku ile ile, usijali, sasa hivi wote wako shambani wanapanda.

Nimemjibu kwamba nimefurahi kusikia hivyo, lakini msamaha wa mdomo mfumo hauutambui. Na kama kilima ni kirefu, aniombe ruhusa ya kujaza kwa niaba yao.